Nyumba Mbili za Kimo Kimoja

Siku jibu la ombi la Noémie Umba lilipotoka, jibu lilikuwa ndiyo, na mwenyewe alikaa chini mavumbini mbele ya ofisi ya site, yaani mtaa wa Waafrika, kama mtu aliyepigwa kofi na mkwe wake. Waliokataliwa asubuhi ile walikuwa wamesimama tu, wanaombana moto wa sigara na kuchekana, maana kukataliwa kulikuwa chakula cha kila wiki pale Kamina. Aliyekubaliwa ndiye aliyeanguka. Karani wa ofisi, Wenceslas Tshiamala, kijana wa Kasai asiyevua tai hata jua likiwa utosini, alirudi ndani kuhakikisha kwamba hakumsomea jibu la mtu mwingine.

Hakuwa amekosea. Ila ndiyo ile ilikuja na masharti, na masharti ndiyo yaliyomkata miguu mama wa watu. Ili kuyaelewa inabidi kwanza kuijua parsele yenyewe, na wale wawili waliokuwa wakiingojea.

Parsele, yaani kiwanja cha nyumba, ilikuwa kwenye barabara inayotoka stesheni ya treni kwenda sokoni. Amédée Kabongo, mume wa Umba, aliipata zamani alipokuwa mfanyakazi wa kugeuza njia za reli, kazi ya kuvuta chuma kizito ili treni ya Élisabethville isijikute imeenda Kasai kwa bahati mbaya. Aliifanya vizuri, hakuna treni iliyopotea mkononi mwake. Kisha kifua kikamchukua, akamwachia mjane nyumba ya udongo, uwanja mpana, na watoto wawili wa kiume waliozaliwa siku moja. Umba akaingia soko na samaki wa kukaushwa kutoka Kinkondja, akawalea kwa samaki hao mpaka wakaota ndevu.

Miaka ya hamsini ilipoingia, wakubwa waliamua kwamba barabara ile ni uso wa mji, na usoni hapatakiwi udongo. Nyumba za matofali ya kuchoma zikaanza kusimama huku na huku, na ya Umba ikabaki katikati yake kama jino bovu mdomoni mwa bibi arusi. Akaambiwa waziwazi: ajenge kwa matofali, la sivyo parsele itarudi kwa serikali, apewe mwenye nguvu, na yeye atafutiwe mahali kule mwisho wa site, ambako hata mbwa walienda wakiwa na sababu.

Kulikuwa na jambo jingine. Parsele moja, jina moja. Mume alikuwa kaburini, watoto walikuwa watu wazima, kwa hiyo ilibidi liandikwe jina la mmoja wao. Umba alipoulizwa ni yupi, alijibu kwamba swali hilo halina adabu. Ndipo alipoomba kitu ambacho hakuna mwanamke wa barabara ile aliyewahi kukiomba: parsele ikatwe katikati, ziwe mbili, kila mtoto na yake.

Maana watoto wale walikuwa mapasa. Kwa Baluba, mapasa hawatafutiwi majina, majina yanawangojea tangu tumboni: anayetangulia ni Kyungu, anayefuata ni Kabange. Siku walipozaliwa, ukoo wa mume ulikuja kumwimbia mzazi matusi kama desturi inavyotaka, matusi ambayo ukiyasema siku nyingine unalala kituo cha polisi, na Umba akayacheza yote. Ngoma ilipopoa, shangazi mzee wa mume alimvuta kando akamnong'oneza. Hawa hawapewi kitu mmoja mmoja. Yule utakayempunguzia ataondoka kurudi alikotoka, na hataaga.

Umba hakucheka. Kijijini kwao, alipokuwa msichana, alimwona pacha mmoja aliyekoseshwa kitambaa cha sikukuu. Homa ilimchukua kabla mahindi hayajakomaa.

Kuanzia hapo maisha ya nyumba ile yalikuwa kioo. Shati moja halikuingia mlangoni bila mwenzake. Mmoja akishikwa na malaria, wote wawili walikunywa dawa chungu, na yule mzima ndiye aliyelia zaidi. Kabange alipong'olewa jino na daktari wa reli, Kyungu alitoroka akaenda kujificha nyuma ya mabehewa hadi jioni, kwa sababu alimjua mama yake. Na mwaka ambao Kyungu alishindwa darasa, Umba alivaa kitenge cha misa akaenda kwa Padri mkuu wa shule kumwomba kwamba Kabange, aliyefaulu, naye arudie. Padri alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba aseme tena, akasema tena, vilevile, bila haya. Kabange akarudia darasa. Likizo ile hakusema na mtu.

Sababu ya mambo haya Umba hakumwambia Padri, wala hakuwaambia watoto. Alikuwa Mkatoliki mwenye sauti ya kwanza kanisani. Kuna vitu mtu anaviamini akiwa amefunga mdomo.

Basi, ombi likaandikwa, na kiangazi kilipoanza watu wa komisyo, kamati ya viwanja, wakaja kufanya uchunguzi wa kwanza. Alikuja ajenti wa serikali, Mzungu mrefu ambaye site nzima ilimwita Bwana Bado, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolipenda kuliko yote. Alikuja Tshiamala na tai yake. Walikuja watu wa kushika kamba na kupigilia vijiti. Walipima mbele, wakapima nyuma, wakaangalia maji ya mvua yanakimbilia wapi, na kama kila nusu itapata mlango wake wa kutokea barabarani. Yote yalikuwa sawa. Ila kamba ya katikati ilipovutwa, ilipita ndani ya nyumba ya udongo, na ndani ya nyumba ikapita juu ya kitanda.

"Mama Mapasa," Tshiamala alisema, "kichwa kitalala kwa Kyungu, miguu kwa Kabange."

"Njo vizuri. Hakuna atakayesema nililala kwa mwenzake."

Bwana Bado aliuliza wanacheka nini, akatafsiriwa, akaandika kitu. Alipoulizwa kama ombi limepita, alisema bado.

Sasa jibu lilikuwa limetoka, na Tshiamala, baada ya kurudi kutoka ndani, alichuchumaa karibu na yule mama mavumbini akamweleza upya, pole pole, kwa moyo mzuri. Parsele itakatwa. Kila nusu iwe na choo chake, mbali na jiko la jirani. Na kabla ya mvua kuanza, komisyo itarudi, na lazima ikute nyumba ya matofali iliyokamilika katika nusu mojawapo, yenye paa, yenye mlango, yenye mtu anayelala ndani. Nyumba ya nusu ya pili itangojewa mwaka mzima. Wasipokuta nyumba kamili, ombi linaanguka, na parsele yote inarudi kwa serikali. Kwa mjane, alisema, walilegeza sana. Wengine wanadaiwa nyumba mbili kwa mpigo.

"Moja tu, Mama. Bamekuhurumia."

"Moja ya nani?"

"Ya yeyote. Utachagua weye mwenyewe."

Umba alimwangalia kijana huyu kama mtu anayeangalia samaki aliyeoza akiwa bado ndani ya maji. Akamuuliza kama ana mama. Tshiamala alisema anaye, yuko Luluabourg. Akamuuliza kama mama yake aliwahi kuambiwa achague mtoto.

"Mama," Tshiamala alisema akijifuta jasho, "serikali haikuzala mapasa."

Hapo Umba alisimama, akakung'uta kitenge, akasema amesikia, masharti ameyakubali, Mungu awabariki wote waliomo ofisini. Akaenda nyumbani. Akaanza kujenga nyumba mbili.

Mtu asiseme hakuelewa. Alielewa kuliko karani. Jirani yake wa ukuta kwa ukuta, Marthe Bitota, mwanamke aliyemwita Yaya, dada mkubwa, kwa heshima na kumgombeza kwa mapenzi, alimwambia kila siku kwamba anachimba kaburi la parsele kwa mikono yake. Umba alijibu kwamba anajua.

Masoni aliyepewa kazi alikuwa Ambroise, fundi wa sifa, Muluba wa hapohapo. Wiki ya kwanza alidhani ni utani. Mstari mmoja wa matofali upande wa Kyungu, kisha ahame na mwiko wake na beseni la udongo wa kujengea, mstari mmoja upande wa Kabange. Asubuhi akianzia huku, kesho yake lazima aanzie kule. Hakuruhusiwa kula katikati, kwa maana angekula wakati nyumba moja imetangulia. Umba alisimama kwenye mpaka, mbele ya nyumba ya udongo, na mwanzi mrefu, akiulaza toka ukuta huu mpaka ule, jicho moja amefumba.

Siku moja tofali la pembeni upande wa Kabange lilipasuka. Umba alilitazama, akavuka kwenda upande wa Kyungu, akachukua nyundo na kulipasua la pale pale pembeni. Ambroise alitua mwiko.

"Mama, minyi niko masoni. Siko mizani."

"Jenga," Umba alisema.

Watoto wenyewe hawakuingilia. Kyungu alifanya kazi kwenye depo ya treni, alirudi na grisi mpaka masikioni, akabeba maji ya udongo, akalala. Kabange alikuwa kule Base, kambi kubwa ya ndege ambayo Wabelgiji walikuwa wakiijenga nje ya mji, anamwaga sementi ya njia ya ndege pamoja na mamia ya wengine, na kuja nyumbani Jumapili kwa baiskeli. Mara kwa mara alianza sentensi, "Mama, kuhusu ile nyumba," na kila mara mama alimwongezea bukari, ugali wa kwao, kwenye sahani, kisha akamwongezea na Kyungu.

Kiangazi kilikwisha kama kinavyokwisha siku zote, watu wakisema bado kiko. Upepo ukageuka. Na asubuhi moja Bwana Bado akatokea na komisyo yake.

Nyumba zilikuwa mbili, zote zimefika usawa wa madirisha. Kimo kimoja, upana mmoja, mlango wa huku unauangalia mlango wa kule. Hakuna paa. Mbuzi wa Marthe alikuwa amesimama ndani ya ile ya Kabange.

Bwana Bado alivua kofia. Akaizunguka nyumba ya kwanza, akaizunguka ya pili, akarudi kwenye ya kwanza kama mtu aliyesahau kitu humo. Watu wa barabara walikuwa wameshaanza kujaa. Tshiamala alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mama, nilisema moja," Bwana Bado alisema kwa Kiswahili chake.

"Ndiyo, Bwana."

"Naona mbili. Na sioni hata moja."

Hakuna aliyecheka, isipokuwa mbuzi, kama mbuzi anacheka. Mzungu akaendelea kwa Kifaransa, Tshiamala akitafsiri kwa sauti ya mtu anayesoma hukumu ya ndugu yake. Matofali yaliyopo hapa yangetosha nyumba moja na yakabaki. Fundi huyu huyu, siku hizi hizi, nyumba moja ingekuwa na paa tangu mwezi uliopita. Je, Mama alilijua hilo?

Umba alisema alilijua. Alilijua tangu mstari wa kwanza.

Wale waliomwona Bwana Bado siku ile wanasema uso wake ulibadilika rangi. Mtu asiyejua unamfundisha. Mtu mvivu unamfukuza. Huyu alijua, alifanya kazi kiangazi chote kama punda, ili ashindwe. Ofisi yake haikuwa na neno kwa mtu wa aina hiyo, hata ile bado yake haikutosha. Mwisho akasema anaondoka na safari ya ukaguzi vijiji vya ziwani, kuelekea Kinkondja. Atakaporudi atapita hapa kabla hajavua buti. Akikuta nyumba moja kamili, ndiyo yake inabaki ndiyo. Asipoikuta, site inachukua parsele.

Walipoondoka, Umba alibaki amesimama kwenye mpaka na mwanzi wake. Marthe alimwambia, Yaya, kaa chini. Hakukaa. Aliulaza mwanzi tena toka ukuta mpaka ukuta, akafumba jicho moja.

Jumapili ile baada ya misa, wote watatu walikuwa uwanjani, mama kwenye kigoda, Kyungu upande mmoja, Kabange upande mwingine, na sufuria katikati. Umba akawaeleza aliyosema Bwana Bado, ingawa Kyungu alishayasikia depo nzima na Kabange aliyasikia huko Base kutoka kwa dereva wa lori. Kisha Kabange akasogeza sahani yake.

"Mama, minyi sitaki nyumba."

Umba alinyoosha mkono kwenye bukari. Kabange akaushika ule mkono, akauweka juu ya goti lake, akaushikilia hapo.

Akasema yote. Kule Base kuna msichana, Élisa, binti wa sajini, na baba yake amekubali. Wafanyakazi waliokwisha kuposa wanapewa nyumba kambini, naye ameshapewa. Nyumba hiyo ina dirisha moja tu, na dirisha hilo halifanani na dirisha la mtu yeyote anayemjua. Alimpenda kaka yake, hakuwa na neno naye. Lakini kuamka kila siku ya maisha mbele ya mlango ulio sawa na mlango wake, na ndani yake mtu mwenye uso wake, hapana. Alichoka kuwa nusu.

"Toka lini?" Umba aliuliza.

"Toka lile darasa."

Umba akamgeukia Kyungu, akitegemea kuona mtu mwingine aliyepigwa na radi. Kyungu alikuwa anakwaruza grisi kwenye ukucha. Alijua. Alijua tangu zamani, na huyo Élisa alishakula naye mahindi ya kuchoma. Ni mama peke yake, mwenye kuwajua mapasa wake mpaka idadi ya meno, ambaye hakujua.

Ndipo mdomo wake ukafunguka. Aliwaambia ya shangazi, na ya yule pacha wa kijijini na kitambaa cha sikukuu. Miaka yote ile hakuwahi kuyatoa, na yalitoka kwa haraka, kwa Kiluba, bila kufutwa wala kupangwa. Alisema akimaliza nyumba ya mmoja na kuacha ya mwingine, atakuwa amemfungulia mtoto mlango wa kuondokea. Parsele wataichukua, sawa. Waichukue. Alikuwa amechagua zamani kati ya parsele na watoto, na si Bwana Bado atakayemfundisha kuchagua vingine.

Vijana walimtazama mama yao kama watu waliokutana naye asubuhi hiyo. Wao walidhani, wakati wote huo, kwamba mama anapenda tu kununua kitambaa cha jora moja.

Kabange ndiye aliyesema kwanza, na alisema kwa upole.

"Mama, kama ni kurudi, ningekuwa nimerudi zamani. Weye ulikuwa mu soko. Kyungu alikuwa anakula nyama yangu yote."

"Naye alikuwa anakula samaki zangu," Kyungu alisema. "Hatukugawana hata siku moja."

Umba aliuliza kama hiyo ni kweli. Waliapa kwa jina la baba yao. Hata ile dawa chungu, Kyungu alisema, mmoja alikuwa anakunywa mara mbili na mwingine anatema chini ya kitanda, kutegemea nani ameshindwa kwenye karata. Mashati walibadilishana. Sabuni ilikuwa ya Kabange peke yake kwa sababu Kyungu alikuwa hapendi kuoga. Kila kipande kilichogawanywa kwa jicho moja lililofumbwa, kilikuwa kimeharibiwa nyuma ya mlango, tangu walipojua kutembea.

Alikaa pale mdomo wazi mpaka inzi wakaanza kuzoea. Kisha akasema neno moja tu, kwamba waondoke mbele yake, wote wawili, kwa pamoja.

Lakini Jumatatu alimtuma mtu kumwita Ambroise. Akamwambia bomoa nyumba ya Kabange, maliza ya Kyungu. Ambroise aliyelalamika kiangazi chote kuhusu mambo ya mizani, sasa alirudi nyuma hatua nzima. Alisema atajenga chochote, usiku na mchana, lakini ukuta wa mapasa haugusi kuubomoa, ana watoto nyumbani. Marthe naye, aliyehubiri nyumba moja miezi yote, ghafla alikumbuka ana kitu kwenye moto.

Basi Umba mwenyewe akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, mbele ya barabara nzima, akashika tofali la juu kabisa la ukuta wa Kabange. Halikutoka. Udongo wa kujengea ulikuwa umekauka vizuri, kazi ya fundi mzuri. Akalitingisha, akalivuta kwa mikono miwili, na lilipong'oka alitoa sauti ambayo Marthe aliisikia kutoka jikoni kwake akatoka mbio na mwiko wa bukari mkononi. Mwanamke mmoja barabarani alifanya ishara ya msalaba. Aliyelipokea tofali lile chini alikuwa Kabange. Aliomba ruhusa Base, akasema mama yake mgonjwa, na hakuwa mbali sana na ukweli. Alilibeba akavuka nalo mpaka, akampa Ambroise.

Walifanya hivyo siku zote zilizobaki. Kabange alibeba, Kyungu alibeba akitoka depo, Ambroise alijenga haraka kama mtu anayekimbia kitu, na Umba alibomoa. Hakuangalia matofali. Aliangalia shingo ya Kabange, macho ya Kabange, rangi ya ulimi wake alipopiga miayo. Mara moja vumbi lilimpiga kijana akapiga chafya, na mama yake akaachia tofali likaanguka kwenye mguu wake mwenyewe. Alichechemea wiki nzima bila kusikia maumivu.

Bati la mwisho lilipigwa misumari mawingu yakiwa tayari meusi upande wa Kinkondja. Bwana Bado alirudi na matope ya ziwa kwenye buti, kama alivyoahidi. Aliufungua mlango, akaufunga, akaufungua tena. Akaonyeshwa mkeka na blanketi. Akauliza nani analala hapa, Umba akasema yeye na mtoto wake Kyungu. Akatoka nje akaangalia nusu ya pili, tupu, alama za msingi tu chini kama kovu. Tshiamala anaapa kwamba Mzungu yule alitaka kuuliza kitu kisichohusu ardhi. Hakuuliza. Alisema sawa, neno ambalo hakuna aliyejua kwamba analo. Nusu ya Kyungu imepita. Ya Kabange ina mwaka. Nyumba ya udongo ibomolewe.

Mvua ikaanza. Parsele ilikuwa yake, na Umba hakulala. Jumapili ya kwanza Kabange hakuja. Njia mbaya, Kyungu alisema, baiskeli haipiti. Jumapili ya pili hakuja. Umba hakula. Alikaa mlangoni mwa nyumba kamili yenye paa zuri, akisikiliza kila lori linalotoka Base kama mtu anayesikiliza hatua za mleta habari, na akilini alikuwa ameshachagua mahali pa kaburi la Kabange, karibu na la baba yake. Jumatatu alfajiri hakuenda soko. Alisimama barabarani akasimamisha lori la kuni, akapanda juu ya kuni, mvua ikimnyeshea njia nzima.

Kambini aliuliza nyumba za wafanyakazi, akaonyeshwa, akatembea kwenye matope akiwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, tayari kwa kulia. Chini ya paa la mbele la nyumba ya mwisho, Kabange alikuwa amekaa juu ya sanduku akicheza karata na askari wawili. Alikuwa amenenepa.

Umba hakusalimia. Alimshika paji la uso, akamshika shingo, akampindua mkono kuangalia kiganja.

"Unaumwa?"

"Hapana, Mama."

"Sababu gani haukuja?"

Kabange aliona haya mbele ya askari. Alisema mvua, alisema kazi, kisha akaacha kudanganya. Alikuwa anakaa tu, alisema. Alipenda kukaa.

Élisa akatoka ndani, alikokuja kupika, msichana mwembamba mwenye adabu, akapiga magoti kumwamkia mama mkwe, akamletea kiti na kitambaa kikavu. Akarudi ndani, akaja na sahani moja ya bukari na sombe ya majani ya mihogo, akaiweka mbele ya mume wake mtarajiwa, akasema ya Mama inakuja, bado iko kwenye moto. Umba aliiangalia ile sahani moja. Kabange akanawa, akaanza kula. Alikula kama watu wanavyokula, bila kuangalia kando, tonge baada ya tonge, na mahali pengine popote duniani hakukuwa na mtu anayekula kitu hicho hicho wakati huo huo kwa kiasi hicho hicho.

Mama yake alisubiri. Aliangalia mpaka sahani ikabaki nyeupe. Mvua ilipiga bati, askari mmoja akachanganya karata, Kabange akafuta mdomo, akauliza kama samaki za Kinkondja bado zinafika wakati huu wa matope.

"Zinafika," Umba alisema. Alikuwa ameshikilia kiti kwa mikono yote miwili kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. "Na parsele yako? Wamekupa mwaka moja."

"Panda mihogo, Mama."

Alitaka kumgombeza. Maneno yalikuwa tayari, na mazuri. Lakini alimtazama tena yule kijana mzima, aliyeshiba, mwenye mafuta ya sombe kwenye kidevu, na kilichomtoka ni kicheko kibaya, kikavu, kilichomshtua hata yeye, na hakikuisha haraka. Élisa alitoka na sahani ya pili, akasimama nayo mlangoni, hajui kama aiweke chini au amwite jirani.